Bustanini na Shangazi: Stroberi za ndoo, za kibarazani na za mkopo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za stroberi. Nimechagua chache na kuzifupisha, maana wengine mmeandika kurasa nzima mkianzia na habari za ukoo. Mimi nalima Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako asubuhi ya Julai unavaa sweta kwenda kuchuma. Wa Pwani wanisamehe, kuna mambo nitayasema bila kuyapaka asali.

Shikamoo Shangazi. Nina ndoo nyeusi za stroberi hapa Tabata, nimezipanga juani mbele ya nyumba. Nilipanda Desemba. Majani yalikuwa makubwa ya kijani hadi majirani wakasifu, ila tunda sijaliona, na sasa majani yanaungua pembezoni. Naweka urea kila baada ya wiki mbili, namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Tatizo nini? — Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo Desemba. Stroberi ni mmea wa ubaridi. Aina nyingi huandaa maua siku zikiwa fupi na usiku ukiwa na ubaridi. Siku fupi tunazo, kwetu huku karibu na ikweta mchana haupungui wala kuzidi saa 12 kwa kiasi cha kuusumbua mmea. Kinachokosekana Dar ni ubaridi. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku ukabaki kwenye 25, mche unanenepa majani na kurusha kamba zake huku na huku, habari ya maua unaiweka pembeni. Desemba hadi Machi jiji lenu liko hivyo, wewe mwenyewe unalala na feni.

Kipupwe ndicho msimu wako. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Dar unaweza kushuka hadi nyuzi 18 au 19, na mche ulioshika mizizi sawasawa hapo hujaribu bahati yake. Kwa hiyo panda mwishoni mwa Aprili au Mei, chini ya ukingo wa paa ili masika isizijaze ndoo maji. Jua lipige kuanzia asubuhi hadi saa sita, baada ya hapo kiwepo kivuli. Na hizo ndoo nyeusi zipake chokaa kwa nje au zivishe gunia, maana saa nane mchana mizizi iliyomo humo inachemka.

Urea iache leo. Asilimia 46 yake ni nitrojeni, na nitrojeni ni chakula cha majani. Majirani walisifu mbolea, hawakusifu stroberi. Tia mboji iliyoiva, kiganja kwa ndoo, na ukiona maua ndipo uweke kidogo mbolea yenye potashi.

Sasa kisima. Majani yanayokauka kuanzia ukingoni, rangi ya kahawia, huku katikati pakiwa pazima, mara nyingi ni chumvi, na urea ya mara kwa mara inaongezea juu ya chumvi hiyo. Stroberi ni kati ya mimea inayoivumilia chumvi kwa taabu sana. Nenda kisimani, weka maji ulimini. Ukihisi hata chumvichumvi ya mbali, maji hayo osha nayo baraza. Kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba. Kabla ya hapo zisafishe ndoo: mimina maji baridi polepole mpaka yatiririke chini kwa muda, kesho yake rudia. Nadhani ndoo zina matundu chini? Kama hazina, toboa kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Nikwambie kweli lakini. Hata ukifanya yote hayo, Tabata haitakupa bakuli kila asubuhi. Utapata ya kuonja, na ya kuwaringia hao majirani. Ukiona haitoshi, panda pasheni ya njano. Hiyo joto lenu inalipenda.

Shangazi, nimeagiza mtandaoni mbegu za stroberi za bluu na nyeusi, pakiti ya mbegu 500. Zimeota lakini zinafanana na mchicha pori. Je, zitabadilika zikikua? — Msichana wa Moshi

Hazitabadilika, mwanangu, kwa sababu ni mchicha pori.

Stroberi ya bluu haipo duniani. Iliyopo ni picha ya stroberi nyekundu iliyobadilishwa rangi kwenye kompyuta. Nyeupe zipo, tena ni za asili, lakini bluu hapana. Na hata ungepata mbegu za stroberi nyekundu ya kweli, nisingekushauri. Stroberi za bustani ni chotara, mbegu zake hazimzai mama yake: katika miche kumi unaweza kupata tabia kumi, na nyingi za kukusikitisha. Isitoshe mbegu yenyewe huota kwa kusuasua. Nunua miche. Kwenye vitalu vya ukanda wetu utasikia majina kama Chandler, Camarosa, Selva na Albion, yote yamezalishwa na Chuo Kikuu cha California. Chandler ni mkongwe, ametoka mwaka 1983, na kwa utamu mimi bado namtetea. Selva na Albion hawajali sana urefu wa siku.

Ukifika kitaluni usihadaike na majani. Geuza mche uangalie mizizi: iwe mingi, ya rangi ya krimu au kahawia hafifu. Ikiwa myeusi na inachomoka ukiivuta, rudisha. Kisha geuza jani. Ukiona kama vumbi linalotembea na nyuzi nyembamba za utando, huo ni utitiri, na utakwenda nao nyumbani bure.

Hujambo Shangazi? Niko Njombe mjini, stroberi zangu zinazaa sana, ila zikikaribia kuiva zinavaa manyoya ya kijivu na kuoza. Wenzangu wananiambia nimwage majivu. Pia Julai iliyopita maua mengi yalikuwa meupe vizuri lakini kitovu cheusi. Ni ugonjwa mmoja? — Mama wa watoto watatu, Njombe

Sijambo, mdogo wangu, na nakuonea wivu. Njombe ni kama mita 2,000 juu, mmepewa hali ya hewa ambayo mwenzako wa Tabata angeilipia. Ila ni mambo mawili tofauti.

Manyoya ya kijivu ni ukungu. Unachotakiwa kujua ni kwamba hauingii siku unayouona. Huingia wakati wa ua, ukajificha kwenye tunda changa bila dalili, na tunda likianza kulainika na kupata sukari ndipo unajitokeza. Kwa hiyo kupambana nao tunda likiwa jekundu ni kufunga zizi ng'ombe wameshatoka. Kazi inafanyika kwenye ua, na kazi yenyewe ni kuzuia unyevu usilale juu ya mmea.

Unamwagilia kwa keni ya mvua, sivyo? Acha. Maji yaende chini, kwenye shina, asubuhi, ili jioni majani yawe makavu. Mche na mche uachane sentimita 30. Najua ardhi unayo, usiibane. Majani makuukuu yanayolala chini yakate kwa mkasi. Halafu matandazo, na hapo mna utajiri mnaoukanyaga: paini. Kusanya yale majani yake makavu kama sindano, tandaza unene wa vidole vitatu kuzunguka kila mche. Hayashiki maji, hewa inapita, tunda linalala juu yake badala ya kulala kwenye tope. Watu watakuambia yanachachusha udongo. Yakiwa juu ya udongo hivyo hayabadilishi kitu cha kukukosesha usingizi.

Matunda yaliyooza usiyaache bustanini hata siku moja, maana tunda moja lenye manyoya linatosha kuambukiza tuta. Mimi nabeba kopo la pili kwa ajili hiyo, na yaliyooza nayachuma mwisho, baada ya mazima, nisije nikahamisha vumbi lake kwa vidole. Kisha nayafukia mbali.

Majivu usimwage. Najua ndiyo dawa ya kila kitu jikoni kwetu, lakini majivu hupunguza uchachu wa udongo, na stroberi inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Ukiyamwaga kila wiki, majani machanga yatakuwa ya njano yenye mishipa ya kijani, kisha utaniandikia barua nyingine.

Kitovu cheusi ni jalidi. Ile baridi ya Juni na Julai, usiku wa mbingu nyeupe bila wingu, huua katikati ya ua na kuacha petali nzuri tu za kudanganya macho. Ua hilo halizai. Jioni ukiona anga safi na upepo umetulia, funika tuta kwa magunia au nyasi kavu, asubuhi jua likichomoza funua. Nailoni usitumie ikigusana na majani, baridi inapita.

Shangazi habari yako. Mimi ni kijana wa Nairobi, naishi ghorofa ya tano mtaa wa Umoja, nimepanda stroberi kwenye mabomba ya PVC ya inchi nne niliyoyasimamisha kwenye baraza. Zinazaa, lakini zimejikunja, zingine upande mmoja umesinyaa na umejaa mbegu tupu. Rafiki yangu anasema ni virusi ning'oe zote. — Kijana wa Umoja

Using'oe. Mwambie rafiki yako ashikilie kazi yake.

Chukua moja ya hizo zilizojikunja, isogeze dirishani. Zile punje ndogo za njano zilizoshikilia ngozi kwa nje, kila moja ni tunda kamili lenye mbegu ndani yake. Nyama nyekundu tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba. Na hakivimbi chenyewe. Kila punje iliyopata chavua hutoa kichocheo cha kukuza nyama iliyo chini yake. Isiyopata, hapo chini pananyauka. Ndiyo maana upande uliosinyaa umejaa punje ndogondogo zilizobanana: punje zipo, ila hazikuchavushwa, na nyama haikuitwa. Stroberi nzuri huwa na punje kama 200, na takribani zote zinatakiwa kuguswa. Chini kwenye shamba nyuki anafanya hivyo akizunguka juu ya ua. Ghorofa ya tano ya Umoja nyuki ana shughuli gani?

Basi nyuki ni wewe. Saa nne asubuhi, umande umekauka na chavua ni unga, chukua brashi laini ya rangi za watoto, au hata kijiti cha pamba cha masikio. Zungusha kwanza kwenye duara la nje lenye vichwa vya njano, kisha pitisha kote juu ya kile kilima cha katikati, hasa pembeni chini, ambako watu husahau. Kesho yake rudia ua lilelile, kwa kuwa punje zote haziko tayari kwa siku moja. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Baada ya wiki nne hivi tangu ua, utakula tunda lenye umbo lake.

Tabu hii ina historia. Mwaka 1714 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kwao kutoka Chile akiwa na miche ya stroberi kubwa za huko. Ilistawi, ikatoa maua, tunda hakuna. Miche aliyobeba ilikuwa ya kike mitupu. Ilikaa tasa bustanini mpaka ilipopandwa jirani na stroberi ndogo iliyotoka Amerika Kaskazini, ikapata chavua, na kwenye ndoa hiyo ndiko ilikotoka hii stroberi tunayoilima wote leo. Yako ina dume na jike ndani ya ua moja, kwa hiyo umepunguziwa kazi.

Na mabomba yako. Bomba lililosimama hukauka juu na kuloa chini, nafikiri miche ya juu imedumaa. Pitisha katikati kimrija chembamba chenye vitundu vingi juu na vichache chini, maji uyamimine humo. Kisha angalia baraza inatazama wapi. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Baraza inayotazama kusini itakaa kivulini miezi ya katikati ya mwaka, tena ndiyo miezi yenu ya mawingu. Tunda litapata wekundu lakini litakuwa kali kama ndimu. Mmea unataka saa sita za jua kwa siku. Ukipungukiwa, hata brashi haitausaidia.

Dada, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nina nusu ekari Uyole, Mbeya, ambayo nimelima viazi mviringo kwa muda mrefu. Nimetumiwa video kwenye simu ya mtu aliyepata mamilioni kwa stroberi. Nataka kuchukua mkopo nipande yote. Naomba baraka zako. — Baba wa mapacha, Uyole

Kaka yangu, salama. Baraka sina.

Viazi, nyanya, biringanya na pilipili huacha udongoni vimelea vya mnyauko ambavyo stroberi nayo hukamatwa navyo, na hukaa miaka. Miche itastawi, itaanza kubeba, kisha majani ya nje yatalegea na kukauka moja baada ya jingine huku wewe ukimwagilia zaidi. Eneo hilo lipumzishe kwanza kwa mahindi au ngano.

La pili ni soko. Stroberi haiivi baada ya kuchumwa kama ndizi au parachichi. Ikikatwa ikiwa nyeupe shingoni, itabadilika rangi lakini haiongezi utamu. Lazima ichumwe imeiva, na ikiiva, nje ya jokofu una siku mbili, ya tatu ni kuomba Mungu. Nusu ekari ni maelfu ya miche inayotaka kuchumwa kila baada ya siku mbili, Jumapili na siku ya msiba zikiwemo. Mwenye video alikuonyesha bakuli, hakukuonyesha gari lenye ubaridi.

Panda miche 50 nyuma ya nyumba. Udongo uinue tuta la sentimita 20 maji yasituame. Uza kwa mwenye hoteli mmoja unayemjua, uone atakulipa lini. Mwakani tukutane hapa.

Shangazi, miche yangu iko mwaka wa tatu sasa, matunda yamekuwa madogo kama karanga. Imetoa kamba nyingi zimetapakaa bustanini. Nifanyeje? — Mwalimu wa shule ya msingi, Mafinga

Mwalimu, hao wamezeeka, na warithi wao ndio hizo kamba. Miaka miwili, mitatu, stroberi imekwisha kazi.

Chagua miche mama mitatu minne iliyokuzalia vizuri mwaka jana na isiyo na madoa. Fuata kamba mpaka uone kijimche chenye majani mawili matatu na vinundu vya mizizi chini yake. Jaza udongo na mboji kwenye kopo lililotobolewa, liweke chini ya kijimche bila kukikata na mama yake, kibane kwa kipande cha waya uliokunjwa. Mama anaendelea kukilisha. Baada ya wiki nne au sita vuta kidogo. Kikigoma, kimeshika, kata kamba. Kinachofuata mbele ya hicho kwenye kamba ileile kikate mapema, kinanyonya tu. Kamba zote nyingine za miche inayozaa zikate kila unapoziona, kwa kuwa mche hauwezi kulea watoto na matunda kwa pamoja.

Ukihamisha, ule moyo wa mche, pale majani machanga yanapochomoza, uwe sawasawa na uso wa udongo. Ukiufukia unaoza, ukiuacha juu mizizi inakauka. Wanafunzi wako waonyeshe kwa kidole, hili halifundishiki ubaoni. Maua ya kwanza yatakayotokea yachume, uchungu utaisha matunda yakija.

Shikamoo Shangazi. Ndege wananimalizia. Kila nikienda kuchuma nakuta zimedonolewa upande mmoja. — Mjukuu wa Tengeru, Arusha

Marahaba mjukuu. Hao ni shore na kuzumburu, na wanaamka kabla yako. Simika fito fupi, tandaza wavu juu yake uwe mbali na matunda, na pindo zake uzikandamize kwa mawe, wasiingie chini wakanasa. Chandarua kilichochakaa kinafaa. Kile cha kulalia kiache kitandani. Maua yakiwa yamechanua, funua asubuhi nyuki wapite, mchana ufunike tena. Na chuma kila siku, mapema, ukiacha kikofia chake cha kijani juu ya tunda. Konokono nao utawakuta hapohapo chini ya matandazo, hao waokote kwa mkono usiku ukiwa na tochi.